Mbuzi Arobaini Turkana: Kwa Nini Umaskini Hauonekani Wote Kwenye Takwimu

Utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa katika kaunti ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, watu 79 kati ya kila 100 waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kwa Kenya nzima walikuwa 36. Mashambani, mstari huo ulikuwa matumizi ya shilingi 3,252 kwa mtu mmoja kwa mwezi.

Hesabu hiyo tunaihitaji. Ila haisemi jinsi mali ya mfugaji inavyoyeyuka. Chukua kaya yenye mbuzi arobaini. Mvua ikinyesha, inajimudu: maziwa yapo, na karo inatoka kwa beberu mmoja. Misimu miwili ikipita bila mvua, mbuzi wanakonda, na kila jirani anawapeleka wake sokoni siku ileile. Bei inaanguka. Mahindi nayo, yanayosafirishwa kwa lori kutoka mbali, yanapanda. Mbuzi aliyenunua unga wa majuma kadhaa sasa hatoshi hata juma moja. Hakuna mwizi aliyeingia bomani, lakini mali imekwenda. Na kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, kaskazini mwa Kenya ilikosa mvua misimu mitano mfululizo.

Mpango wa serikali wa kukabili njaa kaskazini ulizipa kaya maskini shilingi 5,400 kila miezi miwili, yaani 2,700 kwa mwezi. Linganisha na ule mstari: kaya nzima ilipata pungufu ya kiwango cha mtu mmoja. Msaada huo umewaokoa watu, nami siubezi. Lakini fedha hainunui maji pasipo na kisima, wala matibabu pasipo na zahanati.

Upungufu huo una historia. Waraka wa serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri, mvua na barabara, ili faida ionekane upesi. Turkana ikabaki nyuma kwa miongo. Katiba ya 2010, kifungu cha 204, ikaanzisha Hazina ya Usawazishaji: nusu asilimia ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa maji, barabara, afya na umeme katika maeneo yaliyotengwa.

Kwa hiyo, mwananchi, bajeti ya kaunti inapoletwa kwenye baraza, usiulize tu visima vingapi vitachimbwa. Uliza ni vingapi vya zamani bado vinatoa maji, na fundi wa pampu analipwa kutoka fungu gani.