Rejeta Iliyotobolewa na Pointi Moja ya Uhai: Kanuni Zetu za Magari ya Vita Mezani

Nilianza kuandika kanuni hizi za mchezo wetu wa kuigiza kwa dadu kwa sababu ya rejeta moja. Tulikuwa barazani kwangu, Katuba, hapa Lubumbashi, wachezaji wanne pamoja nami niliyekuwa mwendesha mchezo, mvua ikipiga mabati hata tukalazimika kupaza sauti, na gari la kikosi lilikuwa limemiminiwa risasi za rasharasha kwa mara ya tatu. Kitabu cha mchezo kilikuwa kimelipatia gari hilo pointi 20 za uhai, yaani hesabu ya mapigo linayoweza kupokea kabla ya kufa, na sasa lilikuwa limebakiwa na moja. Kijana aliyekuwa akicheza nafasi ya dereva akaniambia: «Mzee, pointi moja ipo, basi gari linatembea. Tunakwenda moja kwa moja mpaka mpakani.» Mpakani palikuwa kilomita 90 kutoka hapo, sawasawa na kutoka hapa mjini hadi Kasumbalesa.

Kwa mujibu wa kitabu alikuwa na haki. Ila mimi riziki yangu ni injini za mazutu, yaani dizeli, hasa za malori yanayobeba shaba, na nilishindwa kukubali. Gari lililotobolewa mlango mara thelathini linaweza kufika Likasi na kurudi bila dereva kuona tofauti yoyote isipokuwa upepo unaoingia. Gari lililotobolewa rejeta kwa risasi moja tu huanza kupandisha mshale wa joto baada ya dakika chache, na dereva akikaidi, gasketi ya silinda heda inaungua, maji yanachanganyika na oili, na safari inaishia hapo. Kitabu kilihesabu risasi thelathini za mlangoni kuwa kifo na ile moja ya rejeta kuwa mkwaruzo. Kwa hiyo nilifuta pointi za uhai za magari yote, na nafasi yake nikaandika vifaa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuketi kwenye meza ya namna hii, huu ni mchezo wa kuigiza kwa maneno, karatasi na dadu: kila mchezaji anashika mhusika mmoja, mwendesha mchezo anaeleza dunia inayowazunguka, na dadu huamua pale ambapo matokeo hayana hakika. Asili yake ya mbali ni ya kijeshi. Mwaka 1824 ofisa wa Prussia aitwaye Georg von Reisswitz alitoa mchezo wa ramani uliokuwa na dadu, majedwali na mwamuzi, uliotumiwa kuwafundisha maofisa. Mwaka 1876 Jenerali Julius von Verdy du Vernois akaona kwamba majedwali yale yanachelewesha mambo, akapendekeza mwamuzi mzoefu aamue kwa akili yake. Ugomvi huo haujaisha hadi leo, na kila anayetunga kanuni zake mwenyewe hujikuta upande mmojawapo. Upande wangu ni huu: hofu, ujasiri na ujanja wa watu naviacha kwa mwamuzi, lakini chuma nakiachia dadu, kwa kuwa chuma hakina upendeleo na mwamuzi anao.

Jambo jingine lipite mapema. Hatuchezei vita vya nchi yetu. Mezani kwetu wapo watu wenye ndugu Goma na Bukavu, huko mashariki kwenye vita, na hakuna dadu ninayoweza kuirusha juu ya jambo hilo nikabaki na amani. Nchi yetu ni ya kubuni, wakati ni miaka ya 1980, silaha ni zile zilizokuwa za majeshi ya Mashariki na Magharibi wakati huo, na mandhari tu ndiyo ya Katanga: miombo, barabara za udongo mwekundu, na vichuguu.

Sasa kanuni zenyewe. Mpigaji anarusha dadu mbili za pande sita, na akipata 8 au zaidi amelipata gari. Kabla ya yote ni lazima mtunzi ajue namba hiyo ina maana gani. Dadu mbili zina matokeo 36, na kati ya hayo 15 yanafika 8 au zaidi, yaani asilimia 42 hivi. Mpe mpigaji nyongeza ya 1 kwa kuwa gari limesimama, naye anahitaji 7, yaani matokeo 21, asilimia 58. Lakini kama alikuwa akihitaji 11 kwa sababu ya umbali, alikuwa na matokeo 3 tu. Nyongeza ileile ya 1 inampeleka kwenye 10, ambapo yapo 6, na bahati yake imekuwa mara mbili kamili. Mashabiki wengi wanaoandika kanuni hugawa nyongeza kama njugu, 1 hapa na 2 pale, kisha wanashangaa kwa nini mlenga shabaha wao hakosi kamwe. Mimi sizidishi jumla ya 2, hata mchezaji alete sababu kumi.

Risasi ikilipata gari, tunauliza imeingia upande gani na kama imepenya. Unene wa deraya, yaani bamba la chuma la kukinga gari, na nguvu ya kupenya vyote vimeandikwa kwa milimita za chuma, si kwa vipimo vya kubuni, ili mchezaji mwenye shaka aweze kukagua. Bati la mlango wa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, gari lililoanza kutolewa mwaka 1984 na ambalo kila mtu hapa analijua kwa sauti, halifiki milimita moja, kwa hiyo mlango haupewi deraya yoyote. Wachezaji wamezoea sinema ambamo mtu anajikinga nyuma ya mlango wa gari; mezani kwangu kinachokinga ni bloku ya injini na, kwa kiasi, magurudumu. Siku moja nilileta mlango mkuukuu kutoka garajini, nikauweka juu ya meza, nikawaomba waukandamize kwa kidole gumba. Ukabonyea. Hakuna aliyejificha nyuma ya mlango tena.

Ikiwa imepenya, dadu moja huonyesha kifaa kilichopigwa, na hapa kila gari lina karatasi yake. Land Cruiser ikipigwa kutoka mbele, 1 na 2 ni rejeta, 3 ni injini, 4 ni gurudumu, 5 ni dereva, na 6 risasi imepita bila kugusa kitu cha maana. Kila kifaa kina muda wake. Gurudumu linaonekana papo hapo. Rejeta inampa dereva dadu mbili za dakika, na mwendesha mchezo anazirusha kwa siri, kwa maana dereva wa kweli hana saa inayomwambia zimebaki ngapi. Ana mshale tu, na mara nyingi mshale wenyewe ni mbovu. Tenki la mazutu lililotobolewa linavuja polepole. Mambo haya ndiyo yaliyobadilisha mchezo wetu kuliko yote, kwa kuwa mapigano sasa yana mkia: wanaondoka wakishangilia, na baada ya kilomita nne wanasimama porini wakitafuta maji ya kumwagia injini.

Gari ninalolipenda zaidi kulitungia kanuni ni BTR-60 ya Kisovieti, gari la deraya la magurudumu manane, na nitakaa nalo kidogo. Lina injini mbili za petroli, zote nyuma, kila moja ya nguvu za farasi 90, na kila moja inaendesha ekseli zake: moja inazungusha ekseli ya kwanza na ya tatu, nyingine ya pili na ya nne. Kwa fundi huo ni mzigo wa kusikitisha, kwa kuwa kuna klachi mbili, giaboksi mbili, na kila kilicho kibovu kinaweza kuwa kibovu mara mbili. Kwa mtunzi wa kanuni ni zawadi. Risasi ikiua injini moja, gari halisimami; linabaki na ekseli mbili zinazosukuma na mbili zinazoburutwa. Kwenye lami nalipunguzia mwendo nusu. Kwenye matope ya Januari dereva anarusha dadu kila mita mia moja, na akipata 5 au pungufu gari limekwama, ingawa mfumo wake wa kupunguza upepo wa tairi kutoka ndani unampa nyongeza ya 1. BTR-80, iliyoingia jeshini katikati ya miaka ya 1980, iliweka injini moja ya dizeli badala ya zile mbili, na karatasi yake ni fupi: injini ikifa, gari limekufa, ila haliwaki moto kwa urahisi ule.

Ubavu wa BTR-60 ni milimita 7 hivi. Unazuia risasi ya kawaida ya bunduki, lakini bunduki ya rasharasha ya milimita 14.5, ambayo ndiyo BTR yenyewe inayobeba, hupenya karibu milimita 30 ikiwa umbali wa mita 500. Kwa maneno mengine gari hili haliwezi kustahimili silaha yake lenyewe, na wachezaji wawili wakikutana kila mmoja na BTR yake, anayeona kwanza ndiye anayerudi nyumbani.

Deraya ya vifaru inahitaji hesabu moja zaidi. Bamba lililolala huwa nene kuliko lilivyopimwa, kwa sababu risasi inalipitia kwa mshazari: bamba la milimita 100 lililolazwa digrii 60 kutoka wima, kama lilivyo karibu sana lile la mbele la T-55, kifaru cha Kisovieti, ni kama milimita 200 kwa risasi inayokuja usawa. Ubavuni T-55 ina milimita 80 tu na bamba limesimama wima. Sihitaji kuwaambia wachezaji kwamba wazunguke ubavuni. Namba mbili zilizoandikwa kwenye karatasi zinawaambia zenyewe.

Hapo ndipo vichuguu vinapoingia. Nyasi za masika ni kificho lakini si kinga: adui hakuoni, ila risasi inapita. Kichuguu kizima cha kwetu, chenye mita tano au zaidi za udongo ulioshikana, ni kificho na kinga kwa pamoja, na kifaru kizima kinaweza kusimama nyuma yake. Kigumu ni kile kilichochimbwa na wafyatua matofali hadi kikabaki kilima kifupi chenye mteremko. Kifaru kikipanda mteremko huo, pua inainuka, na ni lazima mzinga ushushwe ili uone shabaha iliyo usawa. Mzinga wa T-55 unashuka karibu digrii 5 tu, ilhali wa M60 ya Marekani unashuka karibu digrii 10. Kwa hiyo kwenye mteremko wa digrii 8 M60 inapiga huku mwili wake umefichika, na T-55 inapiga mawingu mpaka itoke nje na kuonekana yote. Nina ramani mbili za uwanja mmoja, ya Januari na ya Agosti, kwa kuwa nyasi zikishachomwa moto kiangazi hakuna kificho kinachobaki isipokuwa hivyo vichuguu.

Kuona kuna kanuni fupi: vifuniko vikifungwa, waliomo ndani wanaona kupitia vioo vidogo vya kuchungulia, kwa hiyo wanaweza kugundua shabaha moja tu kwa mzunguko wa sekunde 10. Kamanda akitoa kichwa nje anaona zote, naye pia anaonekana.

Roketi ya RPG-7, ile inayorushwa kutoka begani, ilinisumbua kwa sababu ya upepo. Mtu angedhani upepo wa ubavuni unasukuma roketi upande unakoelekea, lakini mapezi ya nyuma ndiyo yanayoshikwa na upepo, mkia unasukumwa, pua inageukia upepo unakotoka, na injini ya roketi inaipeleka huko. Kwenye kanuni zangu mpigaji anatamka kabla ya kurusha dadu ataelekeza wapi, na akielekeza kinyume hupoteza 2. Wageni wote hukosea mara ya kwanza. Nyuma ya mpigaji pawe wazi pia. Aliyepiga akiwa chumbani mwenye ukuta mgongoni anajiunguza mwenyewe.

Si kila nilichoandika kilifaa. Nilitunga kanuni ya moto iliyokuwa na hatua sita, kuanzia moshi hadi risasi za akiba kulipuka, nikajivunia sana. Tulipoijaribu, zamu moja ilichukua dakika arobaini, mchezaji mmoja akalala kitini. Sasa moto ni dadu moja: 1 au 2 kwa dizeli, 1 hadi 4 kwa petroli, na waliomo ndani wana mzunguko mmoja wa kutoka. Mafuta nayahesabu kwa kalamu tu: T-55 inakula karibu lita 200 kwa kilomita 100, BTR-60 inabeba lita 290 na kwenda karibu kilomita 500 barabarani. Mchezaji anayesahau kuhesabu, simkumbushi.

Wiki iliyopita kikosi kilipata BTR-60 kwa mara ya kwanza. Yule kijana wa pointi moja ndiye aliyeshika usukani, na kabla ya kuwasha injini alinyanyua karatasi ya gari, akaigeuza huku na huku, akauliza: «Mzee, rejeta za hili ziko wapi?» Nikamwonyesha nyuma. Adui alikuwa ametokea nyuma yetu, upande wa barabara, na kijana alikuwa ameshaanza kuligeuza gari pua mbele kabla sijaweka kidole mezani.