Sio taa zinazomaliza umeme wako

Jamani, hii imani kwamba taa na chaja za simu ndo zinakula umeme ni ya miaka mingi, na wapangaji wengi hapa Dodoma bado wanagombana na watoto kisa taa ya korido wakati luku inaishia bafuni. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi. Sasa balbu ya LED ya wati 9 inabidi iwake zaidi ya saa 110 ndo imalize yuniti moja, ila hita ya kuogea, zile za wati 5,000, inaimaliza kwa dakika 12 tu, yaani mkioga watu wanne dakika sita sita yuniti mbili zimeenda kabla ya chai, na baridi la huku Juni na Julai mnalijua. Jiko la wati 1,500 likiwa moto wote, maharage ya saa mbili ni yuniti tatu (loweka usiku, nakusihi). Na kama bado unahisi mita inakimbia, zima meni swichi uangalie taa ndogo ya mita, ikiendelea kupepesa kuna kitu kinavuta umeme mahali, hapo mwambie mwenye nyumba aite fundi.