Kamera ya DSLR: Nunua kwa Ajili ya Ukumbi, Mlima Utajipiga Wenyewe

Vijana wanaokuja studio kwangu hapa Moshi huanza na swali moja: "Kaka, Canon au Nikon?" Mimi huwauliza kwanza watapiga nini. Wengi husema mlima. Basi tuumalize mlima mapema, maana hauna mengi. Kilimanjaro hujitokeza alfajiri, Kibo kushoto na Mawenzi kulia ukiutazama kutoka mjini, na mara nyingi ikifika saa tatu au saa nne mawingu yameshaufunika. Kwa mwanga wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hata kamera ya miaka 15 iliyopita inatosha. Simu yako nayo inatosha. Mlima hausogei, hauchezi muziki, na haulipi.

Kinacholipa ni sendofu, kicheni pati, kipaimara, komunyo ya kwanza, na ile Desemba ambayo Wachagga wanarudi migombani na harusi zinagongana Jumamosi moja. Sehemu kubwa ya kazi hizo iko ndani, tena usiku. Kamera ichague ukiwa unafikiria pale: saa tatu usiku, taa kubwa za ukumbi zimezimwa, DJ kawasha zambarau na nyekundu, bibi harusi anaingia akicheza na wasimamizi wake. Ikikutoa hapo, kwingine itakutoa tu.

Kuhusu jina la kampuni, nunua ile aliyonayo rafiki yako wa karibu, ili muazimane lenzi. Lenzi ya Canon haikai kwenye Nikon wala ya Nikon kwenye Canon, na mwanzoni utaazima sana.

Hela yenyewe weka kwenye lenzi. Kamera nyingi za kuanzia huja na lenzi ya milimita 18 hadi 55. Mchana ni lenzi nzuri, wanaoidharau wanajisikia tu. Tatizo ni kwamba ukiivuta hadi 55, tundu lake la kupitishia mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Sasa chukua lenzi ndogo ya milimita 50 yenye f/1.8. Namba ya f ikipungua tundu linakua, na kati ya f/5.6 na f/1.8 tofauti ya mwanga unaoingia ni karibu mara kumi. Yaani pale ambapo lenzi ya kwanza inakulazimisha upige kwa spidi ya 1/15 ya sekunde, na bibi harusi anatoka ukungu mtupu, hii ya pili inakupa karibu 1/150 na anasimama. Hakuna bodi mpya (kamera yenyewe bila lenzi) utakayonunua ikakupa nafuu ya namna hiyo kwa bei ya lenzi ile.

Kwenye Nikon kuna mtego. Bodi za familia ya D3000 na D5000, kama D3500 au D5600, hazina mota ya fokasi ndani yake. Lenzi ya zamani ya 50 yenye herufi D inaingia vizuri kabisa, ila fokasi utazungusha kwa mkono. Tafuta yenye maandishi AF-S. Kwa Canon za EOS usiumie kichwa, mota iko kwenye lenzi tangu mwanzo.

Jambo jingine, bodi nyingi za bei nafuu zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani. Milimita 50 zinafanya kazi kama 75 kwenye Nikon na 80 kwenye Canon. Ukumbini ni raha, kwa sababu unapata uso bila kumsogelea mtu. Sebuleni kwa mama mkwe, wajomba wote wamekaa kwenye sofa, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta na bado hawajaenea. Hapo lenzi ile ya 18 hadi 55 inarudi kazini.

Bodi nunua mtumba. Nasema hivi bila aibu, na sababu ni ya kibiashara. Canon na Nikon wamehamia kwenye kamera zisizo na kile kioo cha ndani ambacho DSLR inacho (mirrorless). DSLR zao kubwa za mwisho, EOS-1D X Mark III na D6, zilitoka 2020. Wapiga picha wengi wameuza za zamani, na bei imeshuka. Kamera iliyokuwa ya kazi mwaka 2016 haijasahau kupiga picha kwa sababu wenye kiwanda wana mradi mwingine. Lenzi zako za Canon EF au za Nikon AF-S nazo hazitakufa, kwani siku ukihama kuna adapta ya kampuni hiyohiyo.

Ukienda kuiangalia, iwe ni Arusha mjini au kwa mtu wa Facebook, nenda mchana na kadi yako mwenyewe. Toa lenzi, ielekeze dirishani, chungulia ndani huku ukiigeuza taratibu. Ukiona vinyuzi vyembamba kama utando wa buibui vimejikunja pembeni ya kioo, hiyo ni fangasi. Iache, hata akupunguzie nusu. Kisha weka modi ya A (kwenye Canon imeandikwa Av), funga tundu hadi f/16, piga anga jeupe, ukuze picha kwenye skrini. Madoa meusi meusi ni vumbi juu ya sensa. Vumbi linasafishika, kwa hiyo litumie kushusha bei tu. Pale kadi inapoingia, tazama kama kuna pini iliyopinda. Betri ilaze mezani. Ikiyumba imevimba, na betri iliyovimba ni ya kutupa.

Halafu ulizia shata, yaani pazia linalofunguka kila ukipiga picha, imepigwa mara ngapi. Bodi nyingi za kuanzia zimetengenezwa kwa makadirio ya mipigo 100,000, nyingine zikavuka sana, nyingine zikafa njiani. Nikon huandika hesabu hiyo ndani ya faili la picha, unaisoma kwenye kompyuta. Canon nyingi haziandiki, utahitaji programu. Muuzaji akikwambia "hii ilikuwa ya mzungu wa safari, haijatumika", kumbuka kwamba mtalii mmoja Serengeti hushikilia kitufe mbele ya simba hadi kadi ijae.

Sasa kujifunza. Mambo ya spidi ya shata, tundu na ISO utayakuta kila mahali, sitayarudia kwa urefu. Spidi ya shata ni muda ambao mwanga unaingia, tundu ni upana wa njia yake, na ISO ni kiasi ambacho kamera inaukuza mwanga iliopata, pamoja na uchafu wake. Ukumbini anza na f/2 au f/2.2, spidi 1/160, ISO 3200, kisha rekebisha. Usiogope chembechembe za ISO. Mteja hajawahi kulalamikia chembechembe, ila picha iliyotikisika ataisema hadi kwenye kamati ya harusi inayofuata. Picha ya ukoo mzima, mistari mitatu, usiipige kwa f/2, maana bibi wa mbele atatoka safi na vijana wa nyuma watakuwa ukungu. Hapo nenda f/5.6 au f/8.

Ninapotaka ukae nami ni kwenye kipimo cha mwanga, kwa sababu hapo ndipo picha za harusi zetu zinaharibikia. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachopeleka picha ya lenzi juu, kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza, kioo kinaruka na sensa inapata zamu yake. Maana yake ni kwamba unachokiona jichoni ni ukumbi wenyewe, na picha itakayotoka hujaiona bado. Uamuzi wa iwe nyeupe au nyeusi kiasi gani unafanywa na kipimo. Na kipimo hakijui bibi harusi ni nani. Kinadhani chochote kilicho mbele yake, kwa wastani, kina rangi ya kijivu.

Mlete bibi harusi aliyevaa shela jeupe linalojaza fremu. Kipimo kinaona weupe mwingi, kinasema mwanga umezidi, kinapunguza. Shela linatoka kijivu, na uso wake, ambao tangu mwanzo ulikuwa mweusi kuliko shela, unazama. Dakika mbili baadaye unampiga bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi. Kipimo kinaona giza, kinaongeza. Suti inakuwa ya kijivu na paji la uso linang'aa hadi rangi ya ngozi inapotea. Watu walewale, taa zilezile, nyuso mbili tofauti. Baadaye fundi wa albamu analaumiwa.

Enzi za filamu lawama nyingine ilikuwa ya haki. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara kadi za kulinganishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo cha ngozi zote. Sensa ya leo haina kadi hiyo. Ina kijivu chake tu, na kijivu kinasahihishika.

Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Shela likijaza fremu, jumlisha moja. Suti na pazia jeusi, toa theluthi mbili hadi moja. Ukiwa tayari kwa modi ya M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, fanya hivi: weka kipimo cha nukta moja ya katikati, nyoosha kiganja chako kwenye mwanga uleule unaomwangukia mhusika, kipime, kisha ongeza stopu moja (yaani mwanga mara mbili) juu ya kilichosomwa. Kiganja cha mtu mweusi ni cheupe kuliko uso wake, na viganja vyetu havitofautiani sana hata kama nyuso zinatofautiana. Ukishapanga hivyo, usiguse tena hadi taa zibadilike. Bibi, bwana, mshenga na mtoto wa maua, kila mmoja atatoka na rangi yake. Kisha fungua histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, usiiamini skrini. Gizani skrini hung'aa na kukudanganya kwamba picha ina mwanga.

Mistari ya giza ikikatiza picha, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shuka hadi 1/100 na mistari itapungua au itaisha. Ile nyekundu na zambarau ya DJ nayo inajaza rangi moja na kuacha nyingine tupu, kwa hiyo piga RAW, faili ghafi ambalo kamera haijalipika. JPEG ya uso uliooga taa nyekundu haiokoleki.

Mwishowe utataka flashi, na utaambiwa uielekeze juu ili mwanga urudi laini. Ni ushauri mzuri kanisani kwenye dari jeupe. Kwenye kumbi zetu mpambaji ameshatandaza kitambaa dari zima, na flashi inarudi na rangi ya kitambaa. Likiwa dari la zambarau, bibi harusi anapata uso wa zambarau na shela la zambarau, na ukisahihisha mmoja kwenye kompyuta unaharibu walio mbali na flashi. Mpigie mpambaji siku mbili kabla, muulize rangi ya juu. Akisema nyeupe au krimu, elekeza juu. Akisema nyingine yoyote, geuza kichwa cha flashi nyuma au pembeni, kwenye ukuta mtupu kama upo, na kama haupo, funga kikadi cheupe juu ya flashi ukubali vivuli vikali kidogo.