Majibu ya ovyo hayafutani yenyewe
Wengi wanaofanya utafiti wa hojaji huamini kwamba majibu ya ovyo hayadhuru: ukihoji watu wengi, yatafutana. Sivyo. Waulize abiria 1,000 wa feri ya Likoni kama wamewahi kuvuka pale kwa kuogelea, na tuseme hakuna hata mmoja. Wakiwemo 50 wanaotia alama bila kusoma, yapata 25 watajibu "ndiyo". Ukihoji 10,000, waogeleaji hewa watafika 250.

Basi wanaojibu ovyo watafutwe kwa dalili zao: safu nzima ya "nakubali" hata pale swali lilipogeuzwa maana, ukurasa uliojibiwa upesi kuliko unavyosomeka, kukosea swali la mtego kama "hapa chagua 3". Ila dalili moja haitoshi. Mwenye haraka huenda anajua anachosema, na kumfuta kwa hilo tu ni kumdhulumu.