Ladha ya mkusanyaji saa haipandi na bei

Wengi hudhani mkusanyaji wa saa za mkono akikomaa huziacha za betri, akabaki na za springi za bei kubwa. Sivyo. Saa ya springi yenye cheti cha kronomita cha Uswisi, yaani cha kuthibitisha usahihi wake, huruhusiwa kuchelewa wastani wa sekunde 4 au kuwahi 6 kwa siku. Ya betri ya kawaida hukosea takriban 15 kwa mwezi mzima. Tena ya springi hutaka kusafishwa na kutiwa mafuta kila miaka 5 hivi, la sivyo mafuta hukauka na ekseli hulika. Ukiwa nazo kumi, gharama hiyo ni nzito mno. Ndiyo maana baadhi ya wazoefu hurudia betri, na hupunguza ukubwa pia: saa ya kipenyo cha milimita 44 hukwama kwenye mkono wa shati, 36 hupita.