Miaka minne ya viazi bila mkataba wa maandishi

Kila Jumanne magunia 40 ya viazi mviringo yanapakiwa Isyonje, Mbeya, na kushushwa Iringa mjini. Hela inaingia baada ya siku 30. Karatasi pekee ni hati za kupokelea mzigo. Muuzaji au mnunuzi akigeuka, mwenzake anashika nini?

Anashika mkataba, tena mingi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inatambua ahadi inayotolewa kwa matendo, kwa hiyo kila oda iliyokubaliwa na kupakiwa ni mkataba unaojitegemea. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaruhusu hata bei ijulikane kwa namna pande mbili zilivyozoea kufanya biashara. Isipojulikana, mnunuzi analipa bei ya kuridhisha.

Wengi wanateleza hapa, na hasara yake ni kubwa: mazoea yanajaza masharti ya oda iliyokwisha kutolewa, hayamlazimishi mnunuzi kuagiza Jumanne ijayo. Mkulima anayekodi ekari tatu zaidi kwa kuwa "huyu ananunua kila msimu" kwa kawaida hana dai, isipokuwa aonyeshe kwamba mnunuzi aliahidi kuchukua kiasi fulani. Ujumbe mmoja wa "lima, nitachukua gunia 500 kwa bei ya leo" una uzito kuliko miaka minne ya kununua kimyakimya. Uombe kabla ya kununua mbegu.

Estopeli ni jambo jingine: kuzuiwa kukana kile ulichomfanya mwenzio akiamini na kukitegemea. Tuseme mlianza kwa malipo ya siku 7, kisha muuzaji akapokea kwa siku 30 miaka yote bila kulalamika. Hawezi kuibuka leo akadai fidia ya ucheleweshaji wa mizigo ya nyuma. Katika kesi ya High Trees ya Uingereza, 1947, mwenye jengo aliyekubali nusu ya kodi kwa sababu ya vita alionekana hawezi kudai nusu iliyosamehewa, ila kodi kamili ilirudi hali ya vita ilipokwisha. Estopeli hii kimsingi ni ngao, si mkuki: inakukinga na dai, haikuzalii dai jipya. Wala haihalalishi lumbesa (gunia lililojazwa kupita kipimo), hata mkiwa mmeizoea, maana inapingana na sheria ya vipimo.

Kuchelewa mara mbili tatu si mazoea. Mahakama itataka mfululizo, kwa hiyo tunza hati za mzigo, risiti za EFD (mashine ya kodi), miamala ya simu na jumbe za WhatsApp ndani ya simu yenyewe, maana picha ya skrini ni rahisi kupingwa. Dai la mkataba lifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 6.

Kurudi kwenye siku 7 kunahitaji notisi ya muda wa kutosha. Mimi hushauri isipungue mzunguko mmoja mzima wa malipo, hapa siku 30, iandikwe hivi: "Mizigo itakayopakiwa kuanzia tarehe 1 Septemba italipwa ndani ya siku 7. Ya kabla ya hapo inabaki siku 30." Kisha malipo ya mzigo wa kwanza yakifika siku ya nane bila kuingia, andika kulalamika siku hiyohiyo, ukinyamaza, mazoea ya zamani yanaanza kurudi.