Video za mtandaoni katika Maarifa ya Jamii: yanayosemwa na ukweli wake

Walimu wengi wa msingi sasa wana simu janja, na wengine wana vile vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha wakagawiwa walimu. Video za Maarifa ya Jamii nazo zimejaa YouTube. (Katika mtaala mpya wa Tanzania mada zake zimeingia kwenye Jiografia na Mazingira na Historia ya Tanzania na Maadili, lakini kazi ni ileile.) Kinachokwamisha ni maneno yanayorudiwa kila kikao cha walimu au wazazi.

"Shule haina intaneti, basi haiwezekani."
Inawezekana. Chagua video ambazo mwenyewe ameruhusu zipakuliwe, zipakue ukiwa penye mtandao mzuri, ziweke kwenye simu au flashi. Darasani hutumii bando hata kidogo. Taabu kubwa ni kioo kidogo na sauti hafifu. Wanafunzi 70 hawawezi kuchungulia simu moja, kwa hiyo wagawe makundi: moja linatazama, mengine yanachora ramani, halafu wanapokezana. Ukipata spika ndogo, umemaliza nusu ya kazi.

"Imetazamwa na watu laki tano, lazima iko sahihi."
Kutazamwa sana kunaonyesha imependwa tu, na somo hili hubadilika haraka. Chukua Jumuiya ya Afrika Mashariki. Video ya 2015 itasema ina nchi wanachama tano, na wakati huo ilikuwa kweli. Sudan Kusini ikaingia 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia 2024. Leo ni nchi 8. Mikoa ya Tanzania nayo ilifika 31 baada ya Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Mtoto aliyekariri video ya zamani atakosa swali na hatajua kosa limetoka wapi.

Kwa hiyo tazama kwanza tarehe video ilipowekwa. Hata hivyo usiitupe iliyopitwa na wakati. Ionyeshe, kisha uliza: "Nchi gani zimeongezeka tangu hapo?" Watoto hufurahi sana kuisahihisha video, na jibu waliloligundua wenyewe hawalisahau upesi. Fanya hivyo pia kwenye historia. Ukikuta video inayompa Louis Leakey peke yake sifa ya kugundua fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai, waambie kwamba aliyeliona tarehe 17 Julai 1959 ni mkewe, Mary. Louis alikuwa kambini, mgonjwa.

"Wamejionea kwa macho yao."
Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Video inayoonyesha wapiganaji wa Majimaji wakizikabili bunduki za Wajerumani mwaka 1905 imechorwa, imeigizwa au, siku hizi, imetengenezwa kwa akili mnemba. Mtoto wa miaka tisa hawezi kulijua hilo asipoambiwa, na ataondoka akiamini ameiona vita yenyewe. Picha za Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 ni jambo jingine: hizo zilipigwa tukio likiendelea. Kabla ya kubonyeza, uliza swali moja: "Nani alikuwa na kamera pale?" Likizoeleka, watalibeba mpaka kwenye video wanazotumiwa nyumbani.

Ramani pia zinahitaji jicho. Kwenye ramani nyingi za video Greenland huonekana karibu kulingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kwake takriban mara 14.

"Za Kiingereza ndizo nzuri."
Kama mnafundisha kwa Kiswahili na picha za video hiyo zinafaa, zima sauti usimulie mwenyewe.

"Video ikianza, mwalimu anapumzika."
Hapo ndipo kazi inapoanza. Tuseme mada ni utunzaji wa udongo, na una video ya dakika nne juu ya ngolo, kilimo cha Wamatengo wa Mbinga kwenye miteremko. Isimamishe pale nyasi zilizokatwa zinapolazwa kwa mistari inayokatana, kabla udongo haujafukiwa juu yake. "Kwa nini nyasi zinatangulia?" Waache wabishane. Ukiiendeleza wataona matuta yakiinuka, mashimo yakibaki katikati, na maji ya mvua yakituama humo badala ya kuteremka na udongo. Nyasi zilizofukiwa zinaoza na kuwa mbolea. Kisha watoe nje, watafute mahali ambapo mvua imechimba kijifereji kwenye uwanja wa shule, na kila kundi lieleze lingefanya nini pale. Bila hatua hiyo ya mwisho, ngolo itabaki kuwa habari ya Mbinga tu.

"Ni video ya watoto, haina neno."
Itazame wewe kwanza mpaka sekunde ya mwisho, hata kama jina lake limeandikwa "kwa watoto". Usitafute video mbele ya darasa, na zima kile kitufe kinachocheza video inayofuata yenyewe. Ukitumia simu yako, iweke hali ya ndegeni, ujumbe wa WhatsApp usije ukatokea ukutani mbele ya darasa la nne.